Haki ya Mwimbaji Aliyekufa

Katika Tanzania nyimbo za bendi za miaka ya 1970 huitwa zilipendwa. Katika Kenya huitwa zilizopendwa. Neno hili husemwa kila siku kwa furaha, na ni wachache wanaolichunguza. Lakini maneno ya watu ni mizani ya nia zao, na mwenye kulipima neno hili ataona ndani yake mambo matatu. Kiambishi cha mwanzo chataja nyimbo, hakitaji waimbaji. Kiambishi cha wakati chasema kuwa mapenzi yamekwisha pita. Na kauli ya kutendwa yamficha mwenye kupenda, asijulikane ni nani wala ana wajibu gani. Basi, neno moja limewaacha nje watu wawili: aliyetoa na aliyepokea. Yafaa kuulizwa kama kumbukumbu ya namna hii ni ya haki.

Na utazamwe mfano wa Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 aliiacha, akaunda Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajatimiza miaka 35. Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini nyimbo zake zimeishi baada yake miaka mingi kuliko yeye mwenyewe. Azisikiaye leo arusini au safarini husema kwamba anamkumbuka Mbaraka. Je, ni kweli? Mara nyingi anachokumbuka ni ujana wake: nguo aliyovaa, mchumba aliyecheza naye, nguvu za miguu ambazo sasa zimempungukia. Marehemu amekuwa kioo, na ajitazamaye katika kioo hakioni kioo.

Si dhambi mtu kujitazama. Ujana ukipita haurudi, na wimbo ni mlango mmojawapo wa kuuchungulia. Lakini kumkumbuka mtu ni jambo moja, na kujikumbuka nafsi kwa sababu yake ni jambo jingine. La kwanza ni kumpa. La pili ni kuendelea kuchukua kwake. Hatari ni kwamba mwenye kuchukua aweza kudhani kuwa ametoa, akalala usingizi wa mtu aliyelipa deni lake.

Atatokea wa kusema kuwa hapana deni lolote. Wanamuziki wa wakati ule, atasema, walikuwa na ujira wao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwaajiri wapigaji wake kwa mshahara. Na mahali pengine wachezaji walilipa kiingilio mlangoni. Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mwisho. Kiingilio kilikuwa ujira wa usiku mmoja, na wimbo haukwisha usiku ule. Wafanya kazi mpaka leo: wauza kinywaji, wapamba sherehe, wavuta wasikilizaji redioni. Mkulima akiuza mahindi, mahindi huliwa yakaisha. Wimbo huliwa na haupungui. Kwa hiyo haki yake haiwezi kupimwa kwa kipimo cha mahindi.

Hata sheria ilichelewa kuliona jambo hili. Katika Tanzania ilikuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliyomtambua aimbaye na apigaye ala kuwa mwenye haki yake katika sauti iliyorekodiwa. Marijani Rajabu, kiongozi wa Dar International, aliyeitwa na watu Jabali la Muziki, alikuwa amekufa mwaka 1995. Sifa alipewa angali hai. Haki ilifika akiwa kaburini. Sifa haina gharama kwa aitoaye, ndiyo maana hutangulia. Haki ina gharama, ndiyo maana hukawia.

Wako wengine wanaokosa kwa upande wa pili. Hao huwatukuza wafu ili wapate fimbo ya kuwapigia vijana. Husema kuwa muziki wa kale ulikuwa safi na wetu, na wa leo ni kelele za kuazima. Lakini bendi za miaka ya 1970 nazo ziliazima gitaa za umeme, na mapigo ya Cuba na ya Kongo yalisikika ndani yake. Ustadi wao haukuwa katika kukataa vya wengine, bali katika kuvitia maneno na mambo ya nyumbani mpaka vikawa vya nyumbani. Amsifuye marehemu kwa jambo asilolitenda hamsifu. Amemzika mara ya pili chini ya sanamu.

Mfano wa kumbukumbu ya haki haupo mbali. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1840, alikuwa mshairi wa mji na wa watu, na mashairi yake yalikuwa midomoni. Midomo hufa. Yaliyosalia yamesalia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyahifadhi, yakaandikwa, hata diwani ikachapwa mwaka 1940. Mtu huyo hakusema tu kwamba mashairi yale yalipendwa, aliyatumikia. Leo mwanafunzi hulisoma shairi la Muyaka akijua jina la aliyelitunga.

Miaka ya 1970 yangoja watumishi wa namna hiyo. Kanda za sauti huharibika kwa joto na unyevu, na wazee wanaojua nani alipiga gitaa la pili, nani alipuliza tarumbeta, na ni kisa gani kilichozaa wimbo, hupungua kila mwaka. Kuwakumbuka kwa haki ni kuyaandika majina hayo pamoja na jina la kiongozi. Ni kutaja makosa yao bila ya chuki na ustadi wao bila ya chumvi. Na ni kuona kuwa nyimbo zikizaa fedha, warithi wao wasiwe watu wa mwisho kuiona. Hapana mtu awezaye kuwakumbuka watumbuizaji wote, wala hapana sheria ya maadili inayomtaka afanye hivyo. Lakini anayeendelea kuufurahia wimbo hana ruhusa ya kuufanya yatima. Mapenzi yaliyo hai hayasemwi kwa wakati uliopita, na mwenye kupenda hujitaja jina lake, ili ajulikane yuko wapi siku ya kulipa.