Nauli na Hiari ya Maskini

Katika kikao kimoja cha kamati ya maadili ya utafiti hapa Dar es Salaam, mjumbe alipinga washiriki wapewe shilingi 20,000 kila wanapohudhuria kliniki. Alitaka 10,000. "Sista, hela nyingi inamnunua maskini. Atakubali bila kufikiri." Hoja ikapita. Kikao kilipofungwa tulisaini posho zetu, na hakuna aliyeuliza kama posho ile ilikuwa imenunua uamuzi wa mjumbe yeyote.

Tangu niache wodi na kuingia kwenye maadili ya utafiti, hakuna hoja inayoniudhi kama hiyo. Ridhaa tunaijua: mtu aelezwe, aelewe, akubali bila kushurutishwa. Azimio la Helsinki lipo tangu 1964 na sina ugomvi nalo. Wapo wanaouliza mwanamke ataamuaje peke yake wakati mume na mama mkwe wanamsubiri nyumbani. Hilo ni swali la haki.

Lakini hili la hela! Mshiriki anayetoka Chamazi kuja Mwananyamala hupanda daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na foleni ya Mbagala ikikaza huanza na bodaboda. Genge lake limefungwa kutwa, na nyanya zilizoiva jana hazimngoji. Mtoto yuko kwa jirani, naye jirani hutazamia chochote. Elfu kumi inampunguzia hasara tu. Tukimpunguzia zaidi, ndipo akili imtoke? Mama huyuhuyu alfajiri yuko soko la Temeke Stereo, anainua nyanya za juu aone za chini ya tenga, anakataa bei, anahamia kwa muuzaji mwingine. Pale hatuna shaka na uamuzi wake. Isitoshe, sindano yenye hatari haipungui hatari kwa sababu aliyechomwa amelipwa kidogo. Kama utafiti ni wa hatari, kamati iukatae. Kukata nauli kunamlinda nani?

Hapa mawazo yangu hukimbilia kwenye Petra, utafiti ulioanza 1996 kwa wajawazito wenye VVU, huku Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban. Kundi moja lilimeza vidonge visivyo na dawa, ilhali tangu 1994 ilijulikana kwamba dawa ya AZT hupunguza maambukizi kwa mtoto. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani Peter Lurie na Sidney Wolfe walizishutumu vikali tafiti za aina hiyo. Mwaka uliofuata, matokeo ya utafiti wa AZT nchini Thailand yalipotoka, kundi lile likasitishwa. Mimi humfikiria nesi aliyekaa mbele ya mjamzito akimweleza kwamba huenda anachomeza hakina dawa. Alitumia maneno gani? Na mama yule angejibu nini, wakati kwenye kliniki za kawaida dawa yenyewe haikuwepo?

Hapo hoja yangu inakutana na kitu kigumu. Kilichomvuta mama yule kilikuwa tumaini la kumwokoa mwanawe, na noti haifikii nguvu hiyo. Leo pia wapo wanaojiunga kwa sababu kliniki ya utafiti ina vipimo vya bure na daktari asiyewaharakisha. Kuwanyima hayo ili ridhaa yao iwe safi ni ukatili. Kuwapa, kisha tuchukue saini zao tuseme ni hiari kamili, nalo moyo wangu bado unalikataa.