Dinari Mbili za Msamaria

Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kwa saratani ya mapafu dawa ya paklitaxeli iliyofungwa ndani ya albumini, protini ya damu, katika chembe za nanomita 130 hivi. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo mara mamia. Nia ya dawa za namna hii ni kulenga uvimbe na kuacha salama viungo vingine. Shabaha yenyewe bado ni dhaifu: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, wa majaribio ya miaka kumi kwa wanyama, ulionyesha kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe hufika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na bandama. Wanasayansi wanaitafuta hasara hiyo ndani ya mwili. Kwa mgonjwa wa Lupembe, kwenye mashamba ya chai ya mkoa wa Njombe, Tanzania, hasara kubwa zaidi hutokea kabla ya sindano. Kikohozi kisichokoma hudhaniwa kifua kikuu, na mganga wa zahanati halaumiki, maana ndicho anachokutana nacho zaidi. Miezi ya dozi inapita. Ndipo huja picha ya kifua Njombe au Makambako, kisha kinyama cha kupimwa, kisha Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 600. Wengi hufika huko saratani imeshasambaa.

Msamaria wa Injili ya Luka hakuishia kwenye mafuta na divai. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kuongeza. Kwa usomaji huo nauli na kitanda ni sehemu ya tiba, na jamii inayogharimia dawa ikasahau safari imetibu nusu.

Wapo watakaosema ugonjwa ni mapenzi ya Mungu. Kanisa la Kilutheri linaloendesha hospitali ya Ilembula, mkoani humo, limeshawajibu kwa vitendo. Hoja nzito zaidi ni ya wanaotaka fedha chache ziende kwenye majiko yasiyo na moshi, na baridi ya Njombe inawapa nguvu, kwani kuni huwaka ndani kutwa. Ni kweli, ila jiko la leo linamkinga mtoto. Halimtibu mama ambaye pafu lake limeshaugua. Wengine watataja bei ya dawa hizi za chembe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo zilisemwa kuwa ghali na ngumu mno kwa Afrika; leo hutolewa bure katika mkoa huuhuu, ambao maambukizi yake ni ya juu kuliko yote nchini. Hata hivyo nisingeanza kwa kudai chembe za nano. Ningedai kwanza kwamba kikohozi kisichosikia dozi ya kifua kikuu kipewe rufaa mapema, na nauli yake.