Kujiondoa Niende Wapi?

Senge, dada ya baba, amechuma chai kwenye kishamba chake Kimulot tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana chakula kikaanza kumkwama kooni. Ugali kwanza, kisha hata uji. Huku Bomet watu huujua ugonjwa huo kabla daktari hajautaja: saratani ya umio.

Hospitali moja ya chuo kikuu ikamwambia kuna utafiti. Kundi moja lingepewa dawa za kawaida, lingine dawa hizo hizo pamoja na mpya. Nani aingie kundi lipi, kompyuta ingeamua, si daktari. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, lakini kwetu bado ndimi "msomi", kwa hivyo fomu nikaisoma mimi. Nilipofika pale panaposema anaweza kujiondoa wakati wowote, Senge akacheka.

"Kujiondoa niende wapi, mwanangu?"

Swali hilo limenikalia. Nje ya utafiti tungejilipia wenyewe, na bonasi ya chai ilishaliwa kitambo. Sasa, ridhaa ya mtu mwenye mlango mmoja tu ni ridhaa kweli?

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na hotuba tayari, ya makampuni ya dawa na miili ya maskini. Lakini ifuate hoja hiyo hadi mwisho: inasema maskini hawezi kuamua jambo zito, basi hata huo mlango mmoja tumfungie. Huko si kumlinda. Ni kumwadhibu mara ya pili.

Senge naye alikuwa na hoja yake. Chai ya 6/8 tunayochuma leo, alisema, kuna mtu aliipanda kwanza bila kujua itafanyaje. Nikamjibu kwamba mkulima hujaribu kwenye pembe ya shamba. Mwili hauna pembe. Akanyamaza kidogo.

"Ndiyo maana nataka kujua kama watakaa."

Hapo nikaikumbuka Kampala. Mwaka 1967, Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani zilianzisha pale Mulago kituo cha kutibu limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya za watoto. Watoto wa Uganda walitibiwa katika majaribio ya dawa, na yaliyojulikana humo yakawafaa wagonjwa wa mbali. John Ziegler, aliyekiongoza, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker mwaka 1972. Chini ya Amin, Wamarekani wakaondoka. Kituo hakikufa. Charles Olweny, daktari Mganda, alikishika, na leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa hivyo nafikiri hivi: umaskini wa mgonjwa haufuti ridhaa yake, ila unaongeza deni la anayeipokea. Hata Azimio la Helsinki linataka ipangwe mapema jinsi wagonjwa watakavyopata dawa iliyowasaidia, utafiti ukishaisha.

Tukarudi kwenye fomu, tukatafuta ukurasa wa baada ya utafiti. Ulikuwa na mistari miwili. Senge akamwita muuguzi, akaniambia niisome tena, polepole. Kisha akauliza maswali yake, na hakushika kalamu hadi alipojibiwa.