Muhula wa Mambo Yasiyoonekana

Shule za msingi zinapofunguliwa Julai kwa muhula wa pili, walimu wa darasa la tano, la sita na la saba huwa na azimio la kazi mkononi: karatasi iliyopigwa mistari, miezi na wiki upande mmoja, mada upande wa pili, kisha idadi ya vipindi, zana na rejea. Ukiipitia haraka ni orodha kavu. Sehemu na desimali. Skeli ya ramani. Mimea na chakula chake. Mzunguko wa damu. Vita vya Majimaji. Nimesoma karatasi za namna hii mara nyingi, na kila nikizirudia naona jambo moja linalozifunga mada hizi pamoja, ingawa halina safu yake kwenye jedwali: karibu zote zinahusu kitu ambacho mtoto hawezi kukiona kwa macho yake.

Darasa la kwanza haliko hivyo. Huko mtoto huhesabu vizibo vya soda na vijiti, na anachojifunza kipo mbele yake, anaweza kukishika na kukihamisha. Akifika miaka 10 au 12 anadaiwa jambo zito zaidi. Akubali kwamba damu inazunguka ndani ya kifua chake wakati huohuo anapoandika. Akubali kwamba kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi. Akubali kwamba watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa walikuwa watu kweli, wenye hofu na maamuzi yao.

Mwanadamu ana njia mbili za kukubali asichokiona. Ya kwanza ni kuambiwa na mkubwa na kunyamaza. Ya pili ni kuongozwa hatua kwa hatua mpaka akili yenyewe iseme kwamba haiwezi kuwa vinginevyo. Naamini maana yote ya madarasa haya ya juu imo katika njia hiyo ya pili. Mtoto aliyepewa mada zote za muhula kwa njia ya kwanza, hata akipata A katika kila somo, bado hajafundishwa.

Chukua kujumlisha nusu na theluthi. Kila mwalimu wa hisabati anajua kosa linalokuja: mtoto atajumlisha moja na moja juu, mbili na tatu chini, aandike 2/5. Mwalimu ataweka mkasi kwa kalamu nyekundu, kisha ataandika kanuni ubaoni. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zote mbili, ni 6. Nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, jibu ni 5/6. Darasa zima litanakili. Wiki inayofuata wengi watarudia kosa lilelile, kwa kuwa kanuni iliingia daftarini na kosa likabaki kichwani.

Lakini hebu tulitazame hilo jibu la 2/5. Ni dogo kuliko nusu. Mtoto alikuwa na nusu ya mkate, akaongezewa theluthi, akajikuta na kipande kidogo kuliko kile alichokuwa nacho mwanzo. Haiwezekani! Akipewa nafasi ya kuligundua hilo mwenyewe, kwa kukunja karatasi mbili na kuzilinganisha, hatahitaji kalamu nyekundu ya mtu. Tena atakuwa amepata kitu kinachozidi hisabati. Ataweza kulikataa jibu lisilo sahihi hata likiwa limechapwa kitabuni, hata likiwa limetamkwa na mtu mwenye cheo, na sababu yake itakuwa imesimama mbele ya kila mtu. Katika maisha ya mtoto wa miaka 11, hasa mtoto wa maskini, ni sehemu chache sana ambapo neno lake lina uzito sawa na la mkubwa. Hapa kwenye sehemu na desimali lina uzito huo. Ndiyo maana huniuma kuona MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ikiimbwa darasani kama wimbo, bila hata mtoto mmoja kuuliza kwa nini kuzidisha kutangulie kujumlisha.

Mada ya mimea nayo ina hazina yake. Mwanafunzi ataandika kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Ni sentensi fupi, inatosha kupata alama. Wenye akili kubwa walihangaika nayo kwa karne nyingi. Daktari mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche wa kilo mbili na kidogo ndani ya chungu chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na zaidi ya kilo 70, na udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua gramu 60 hivi. Basi ule mti ulitoka wapi? Van Helmont alijibu kwamba umetoka katika maji peke yake. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufa, na jibu lake lilikuwa na kasoro: mti ukikaushwa, sehemu kubwa ya uzito unaobaki imetokana na hewa. Linalonigusa zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameichunguza hewa inayotoka makaa yakiungua, hewa ileile ambayo majani yanaivuta. Alikuwa nayo mkononi asiihusishe na mti wake.

Fikiria mtoto anaposikia habari hiyo akiwa amekaa chini ya mwembe wa shule. Shina lile ambalo watu wawili hawawezi kulikumbatia limejengwa kwa kitu kisichoshikika. Dawati lake pia. Mtoto aliyelielewa jambo hili mara moja hawezi tena kuutazama mti kama alivyoutazama jana, na hilo hakuna swali la kuchagua herufi linaloweza kulipima.

Kuhusu historia nitasema kwa ufupi. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Majimaji vikasambaa kusini hadi 1907. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa na Wajerumani mapema kabisa, Agosti 1905. Wengi mno walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mtihani utauliza sababu za vita na sababu za kushindwa. Mtoto mwenye moyo atauliza jingine: baada ya kuona maji hayazuii risasi, kwa nini waliendelea kupigana? Mwalimu akilipa swali hilo dakika 10 kati ya 40 za kipindi, wale waliokufa watarudi kuwa watu.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isigeuzwe maandalizi tu ya sekondari, kwa kuwa watoto wengi wa wakati ule wangeishia hapo. Leo sababu hiyo imedhoofika. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wamepangiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027. Hata hivyo, hoja ya Mwalimu naishika bado, kwa sababu nyingine: mwenye miaka 11 anaishi sasa. Muhula huu ni sehemu ya uhai wake, naye ana haki ya kuelewa kitu kikamilifu leo.

Kuna pia sababu ya kivitendo. Kidato cha kwanza katika shule za serikali, lugha ya kufundishia inabadilika kuwa Kiingereza. Aliyekariri maneno atayakuta maneno yake hayatumiki tena. Aliyeona kwa nini nusu na theluthi haziwezi kuwa 2/5 atahitaji majina mapya tu. Jambo lenyewe tayari analo.

Najua wapo walimu wenye watoto 80 au zaidi kwenye chumba kimoja, na hakuna karatasi ya kukunja. Lakini wakati, angalau, tunaweza kuwarudishia. Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu na kamati za shule: mnapopanga ratiba ya muhula huu, futeni mtihani mmoja wa kujipima, na vipindi vyake wapeni walimu wa madarasa ya juu wavitumie kwa maswali ya watoto.