Ni Nani Amlee Mtoto Mdogo?

Katika darasa letu la katekismu tuna msichana mmoja wa miaka kumi hivi. Kila mara anakuja amembeba mdogo wake mgongoni kwa kikwembe. Siku moja mtoto yule alilia sana, nasi tukamwambia dada yake atoke nje asiwasumbue wenzake. Alitoka bila kusema neno, akakaa chini ya mti mpaka mwisho wa masomo. Baadaye tulimwuliza: "Kwa nini humwachi mtoto kwa mama?" Akajibu: "Mama yuko sokoni." Tukamwuliza tena: "Na shule je?" Akajibu ya kwamba shuleni anakwenda zile siku ambazo mama haendi sokoni.

Tulirudi nyumbani, lakini jibu lile halikutuacha. Tulifahamu ya kwamba tulimtoa nje mtoto aliyekuwa akifanya kazi isiyo yake. Basi kazi ile ni ya nani? Ya mama yake? Ya baba? Ya Eklezia? Ya Serikali? Ndilo swali tunalotaka kulichunguza leo pamoja nanyi, maana si swali la wakubwa wa Kinshasa tu. Ni swali la dhamiri ya kila mkristu.

Tuanze na sheria za inchi yetu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema ya kwamba masomo ya shule ya msingi ni lazima, tena ni bure katika shule za Serikali. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi miaka mingi. Tangu miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa haifai tena kitu, wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa, kila mwezi, kwa feza ya mihogo na makaa. Ni mwaka 2019 tu Serikali ilipoanza kutimiza neno lake, na watoto wengi mno wakaingia shuleni. Tulimshukuru Mungu, hata kama madarasa yalijaa kupita kiasi na walimu fulani wakakaa bila mshahara.

Lakini shule ya bure inaanza mtoto akiwa na miaka sita. Kabla ya miaka hiyo kuna nini? Sheria ya masomo ya taifa, iliyotolewa tarehe 11 Februari 2014, inaihesabu shule ya watoto wadogo, ile tunayoiita maternele, kuwa daraja la kwanza la masomo, lenye miaka mitatu. Ni vema. Lakini ile feza ya shule ya bure haikuifikia. Nendeni mkaangalie maternele ziko wapi: mjini, kwa masista, kwa wenye shule za faragha, na mlangoni mwa kila moja kuna bei. Mtoto wa karani anaingia. Mtoto wa mama anayeuza ndizi anabaki mgongoni kwa dada yake.

Hapa tunaomba msomaji atufuate polepole. Serikali imemwambia msichana yule: "Njoo, shule ni bure." Lakini mama yake asipouza, nyumbani hawali. Akienda sokoni, mdogo hana mwenye kumtunza. Kwa hiyo dada anabaki. Basi shule ambayo ni bure kwa kaka yake, kwake yeye ina bei, na bei hiyo ni yeye mwenyewe. Anailipa kwa siku zake, na siku zilizopita hakuna mtu atakayemrudishia. Kumbe neno la katiba halijatimizwa kwa wasichana wa namna hii, maadamu mdogo wao hana mahali pa kukaa. Anayetaka kuwapa wakubwa shule hana budi kuwafikiri na wadogo.

Sasa tuulize: kazi hii ni ya nani? Mafundisho ya Eklezia ni wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tangazo lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya kikristu, ulifundisha ya kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Waliwapa uzima, wana wajibu wa kuwalea, wala hakuna mtu awezaye kushika kabisa nafasi yao. Mtoto si mali ya Serikali. Si mali ya wazazi pia: ni wa Mungu, nao wamekabidhiwa.

Je, maana yake Serikali ikae kimya? Hapana. Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1931, alieleza kanuni ambayo ingefaa kujulikana katika kila parokia: jambo ambalo mtu au jamaa ndogo inaliweza kwa nguvu zake yenyewe, mkubwa asilinyakue, lakini mdogo asipoliweza, ni haki yake asaidiwe. Chukueni mfano wa mto. Kutembea ni kazi ya mwenye miguu, wala Serikali haiwezi kumtembelea mtu. Lakini daraja, je? Mama mmoja hawezi kulijenga. Akiachwa ng'ambo kwa sababu hakuna daraja, tusimwite mvivu wa kutembea. Ndivyo ilivyo na malezi. Kumpenda mtoto, kumfundisha ishara ya msalaba, kumwonya, kumbusu usiku, hizo ni kazi za wazazi. Lakini nyumba salama ya kukaa mchana, mlezi aliyefundishwa, mshahara wake, uji wa saa nne, hayo ni daraja.

Mtu atatujibu: "Babu zetu hawakuwa na maternele, tena walilelewa vizuri." Ni kweli. Lakini walilelewa na nani? Wazee wetu husema mkono mmoja haulei mwana. Mama alipokwenda shambani, nyumbani alibaki bibi, shangazi, mke wa jirani. Daraja lilikuwepo, nalo lilijengwa kwa watu. Leo mama anakaa katika chumba cha kupanga, bibi yuko kijijini mbali, na jirani naye yuko sokoni. Tukimwambia mama huyo alee kama zamani, tunamdai mikono ambayo hana tena.

Mwingine atasema: "Mkiwapa watu msaada huo, wazazi watazembea. Watazaa na kuwaachia wengine." Hatari hiyo iko, hatuifichi. Yuko baba anayekunywa feza ya nyumba na kusema ya kwamba shule itaona. Lakini kosa la baba huyo lisilipwe na mtoto wake. Tena tumeona ya kwamba mama anayemleta mtoto mahali pazuri asubuhi anarudi jioni na moyo mwepesi, akiwa na kitu cha kupika, akaweza kuzungumza na mwanawe. Aliyechoka na kukata tamaa ndiye anayepiga na kutukana.

Wa tatu anatoa sababu nzito zaidi: "Feza ya Serikali inakuja na nira ya Serikali." Sisi wakatoliki wa Kongo hatuwezi kucheka neno hilo. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule zote za dini, na masomo ya dini yakaondolewa darasani. Wazee wetu wanakumbuka misalaba iliyoteremshwa ukutani. Lakini wakumbuke pia yaliyofuata: Serikali haikuweza kuziongoza peke yake, na tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano na madhehebu, ikawarudishia uongozi wa shule zao. Serikali inalipa walimu, inatoa programu na kukagua. Dini zinaongoza na kulea. Tunajua vema ya kwamba mapatano hayo yana kasoro, hasa mishahara. Lakini yanatuonyesha ya kwamba msaada na uhuru vinaweza kukaa nyumba moja, kama mipaka imeandikwa vizuri. Mtaguso wenyewe ulifundisha ya kwamba Serikali igawe feza ya wote kwa haki, hata wazazi waweze kuchagua shule kwa uhuru wa kweli. Uhuru wa kuchagua kitu usichoweza kukilipa si uhuru.

Wa mwisho atasema: "Hayo yote ni mazuri, lakini feza iko wapi? Madarasa ya msingi yenyewe hayana madawati." Tunakiri ya kwamba neno hili linatutia shida kuliko mengine. Kumnyang'anya mtoto wa miaka minane dawati lake ili kumpa wa miaka minne kiti, hiyo si haki. Lakini tuangalie mambo mawili. La kwanza: watoto wengine wa miaka minne wako katika madarasa hayo tayari, kwa sababu wazazi waliona mlango mmoja tu usiolipisha, wakawasukuma humo kabla ya wakati wao. Wanakaa nyuma, hawaelewi, wanarudia mwaka, na nafasi wanaijaza vilevile. La pili: mwezi wa Novemba 2022, wajumbe wa inchi nyingi walikutana Tashkent, katika inchi ya Uzbekistan, kwa mwito wa UNESCO, wakashauri ya kwamba katika feza yote ya masomo, angalau sehemu 10 kwa 100 zitumike kwa watoto walio chini ya umri wa shule ya msingi. Hatusemi Kongo ifikie hapo mwaka ujao. Tunasema ya kwamba hesabu inayoanza na mtoto wa miaka sita, kana kwamba hakuishi kabla, ni hesabu yenye kosa mwanzoni.

Tena si lazima tuanze na majumba makubwa. Tarehe 6 Januari 1907, mkatoliki mmoja, mganga Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Wazazi walikuwa kazini, na watoto walishinda wakirandaranda ngazini na kuchafua kuta. Wenye majengo walikubali kutoa chumba, kwa kuwa waliona kutunza watoto ni rahisi kuliko kutengeneza kuta kila mara. Chumba kilikuwa cha kawaida tu, lakini watoto wale walijifunza kuosha mikono, kupanga vitu, kusaidiana, na baadaye kusoma. Marekani vilevile, mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, watoto wa jamaa maskini walipewa shule ya wadogo, wengine wa hali ileile hawakuipata. Walifuatwa mpaka miaka 40, na wale waliosoma walionekana kupata mapato mazuri zaidi na kukamatwa na polisi mara chache zaidi.

Leo wenye elimu ya uchumi wanatumia mifano ya namna hiyo kuiambia Serikali: "Lipeni, mtapata faida." Hatukatai. Lakini mkristu asisimame hapo. Maana kuna mtoto ambaye hataleta faida: kipofu, kiwete, yule mwenye akili nzito, yule ambaye ugonjwa utamchukua kabla hajawa mtu mzima. Kama haki ya mtoto inatoka katika faida atakayoleta, hao hawana haki. Lakini Yezu alipowaita watoto waje kwake, hakuuliza watakuwa nani kesho. Aliwapokea jinsi walivyo. Basi Serikali ihesabu faida, ndiyo desturi yake. Sisi tuikumbushe ya kwamba mtoto anadaiwa ulinzi kwa sababu ni mtu, tena ni mtu asiyeweza kujidai mwenyewe.

Tukubaliane hivi. Wazazi ni wa kwanza, wala wasiikabidhi kazi yao kwa mtu mwingine kama mzigo wa kutupa. Serikali ina deni, si hisani: ilipe walezi, iwafundishe, ikague usalama, ianze na wale wasioweza kulipa, wala si na wale wenye milango tayari. Eklezia itoe alichokuwa nacho: chumba, uwanja, masista na akina mama wenye moyo.

Na sisi? Tusiingoje Serikali huku tumekunja mikono, wala tusifanye kazi kimya hata ikasahau deni lake. Mara nyingi parokia ina ukumbi unaokaa tupu tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, huku watoto wamekaa chini ya meza za soko. Akina mama wa likelemba, ambao wanajua kukusanya feza bila daftari la benki, wanaweza kupanga zamu. Wazee wa mashirika wamwulize mbunge anapokuja kuomba kura: "Kwa watoto wa chini ya miaka sita umeandika nini?" Swali hilo ni dogo, lakini likiulizwa katika kila parokia, litasikika.

Kuhusu msichana yule, juma lililofuata tulibadili jambo moja tu. Mama mmoja wa shirika alikubali kukaa na wadogo barazani wakati wa katekismu. Wanakuja saba au nane. Dada zao wanakaa darasani, migongo imenyooka, mikono yote miwili iko huru kushika kitabu. Ni saa moja tu kwa juma, nasi hatuwezi kuwapa zaidi. Zilizobaki ni deni la wale wenye kuweza, na deni halifutwi kwa sababu mdai bado hajajua kusema.