Muumba, Darwin na Damu ya Watoto Wetu

Vijana wetu hufundishwa shuleni nadharia ya Darwin, kisha hurudi nyumbani wakiuliza kama yawapasa kuiacha imani. Wapo wanaowajibu kwa fundisho la "usanifu wenye akili". Michael Behe, mwanasayansi Mkatoliki wa Marekani, aliandika mwaka 1996 kwamba mitambo fulani midogo iliyomo ndani ya seli haikuweza kutokea hatua kwa hatua, bali ilisanifiwa. Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki vilevile, alimpinga. Basi tushike lipi?

Tutazame karibu. Huko Nyashimo, mkoani Simiyu, kama katika nchi yote ya kando ya Ziwa Viktoria, malaria na selimundu huwasumbua watoto wetu. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye augua. Chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu katika maandishi ya urithi. Palipo na malaria, wenye kinga hiyo walipona na kuzaa, nayo ikaenea. Ndivyo Darwin alivyofundisha.

Tukisema kwamba Mungu hupanga kila kipande cha seli kama fundi, tutamwambia nini mama amwuguzaye mwanawe? Kwamba maumivu yale yalichorwa makusudi? Hasha! Muumba si fundi wa viraka. Ndiye avipaye vitu vyote kuwapo, pamoja na sheria zake. Kwa nini njia hiyo ina uchungu, ni fumbo, na jibu tulilopewa ni Msalaba.

Kanisa haliogopi uchunguzi. Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio XII aliruhusu asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu.

Enyi wazazi, wanafunzi walipouliza ni nani aliyekosa hata mtu akazaliwa kipofu, Bwana hakumlaumu yeye wala wazazi wake. Nasi tusitafute mchawi wala laana, wala mume asimfukuze mkewe: ugonjwa huu hutoka kwa baba na mama sawasawa. Mpelekeni mtoto hospitali upesi, na wachumba waijue hali ya damu yao kabla ya ndoa. Kweli ya maabara na kweli ya altare zatoka chemchemi moja.