Waliovutwa na Jalada

Somo: 1 Wakorintho 9:24–27

Wapo watu wanaonunua santuri kwa kupenda jalada tu. Hawamjui mwanamuziki, wala hawajasikia hata wimbo wake mmoja. Picha imewavutia, wamelipa. Wengi wamepata kwa njia hiyo muziki wanaoupenda hadi leo.

Chukua santuri za kampuni ya Blue Note ya New York. Majalada yake mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalibuniwa na Reid Miles, kwa picha za Francis Wolff. Tazama lile la Blue Train, albamu ya John Coltrane iliyorekodiwa mwaka 1957: rangi ya buluu imetanda, mpiga saksafoni ameinamisha kichwa, mkono mdomoni, amezama katika mawazo. Hata asiyejua jazi hutamani kujua anawaza nini. Baadaye Coltrane mwenyewe aliandika kwamba mwaka huohuo wa 1957, kwa neema ya Mungu, alijaliwa mwamko wa kiroho. Jalada halikuweza kuyasema hayo.

Linalonigusa zaidi ni kwamba Miles hakuwa mpenzi wa jazi. Alipendelea muziki wa klasiki. Alfred Lion, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, ndiye aliyemweleza albamu ilivyo, naye Miles akabuni jalada. Kazi yake ilikuwa njema, ikawafikisha wengi kwenye muziki ambao yeye hakuwa na mapenzi nao.

Kwa mbunifu, hilo si kosa. Kwetu sisi tunaohudumu kanisani, ni hatari. Unaweza kushona sare za kwaya, kupamba madhabahu, hata kuhubiri watu wakatokwa machozi, ilhali Neno lenyewe unalijua kwa kusimuliwa tu. Mtume Paulo aliihofia hali hiyo: kuwahubiria wengine, kisha yeye mwenyewe akakataliwa.

Uzuri wa ibada ni zawadi ya Mungu, na wengi huanza safari ya imani kwa kuvutwa nao. Tuutunze. Lakini wiki hii, kabla ya mazoezi ya kwaya na kabla ya kuandaa mahubiri, tenga muda ufungue Biblia kwa ajili ya roho yako. Soma ukiwa mwenye njaa, usitafute cha kuwaambia wengine. Waliovutwa na huduma yako wakiingia, wakukute umo ndani.